Siku kumi Ureno mwezi wa tisa: tusikose nini?

Mwana_wa_Pangani:

Wadau, salaam. Mke wangu anamaliza shahada ya uzamili mjini Porto, na mwezi wa tisa nakwenda kumpokea. Visa imetoka juzi. Mambo ya chuo yakiisha tutabaki na siku kumi za kutembea kabla ya kurudi nyumbani pamoja.

Nimesoma orodha nyingi mitandaoni na zote zinafanana: panda tramu ya njano Lisbon, piga picha kwenye pango la Benagil, kula vile vikeki vya mayai. Sizidharau, ila nataka kusikia kwa mtu wetu aliyefika akakaa. Nimekulia Pangani, mzee wangu alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hiyo mchanga mweupe na maji ya bluu tunayo nyumbani. Hatuli nguruwe, hatunywi pombe, hatutakodi gari, na hela ni ya kuhesabu. Ninyi mlioishi huko, kitu gani mlikiona mkasema hiki lazima nimwonyeshe ndugu yangu?

Mtu_wa_Ilala:

Mkuu, shukeni Algarve, pwani ya kusini, moja kwa moja mkae siku zote kumi. Lagos, Benagil, Albufeira. Ile miamba ya rangi ya dhahabu picha haziitendei haki. Lisbon ni vilima na watu, utachoka miguu bure. Mimi nilikwenda 2022 na natamani kurudi.

BintiKivinje:

Kaka wa Pangani, mpe wifi hongera zangu. Mimi ni mzaliwa wa Kilwa Kivinje, huu ni mwaka wangu wa saba Setúbal, nafanya kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Mwaka 2023 nilimleta mama yangu kwa siku kumi na mbili, na sisi pia hatukuwa na gari. Kwa hiyo sitakutajia kila kitu, nitakupitisha njia tuliyopita na mama, kisha utachagua.

Naanza na dhahabu, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nimtumie mama tiketi.

Lisbon kuna Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, wenyeji huyaita Janelas Verdes kwa jina la mtaa. Ndani, kwenye kabati la kioo, kuna monstransi ya dhahabu, chombo ambacho Wakatoliki huwekea Ekaristi. Inaitwa Custódia de Belém. Chini wamepiga magoti mitume kumi na wawili wadogo, nguo zao na nyuso zao zimetiwa rangi, na juu yake kumejengwa nguzo nyembamba kama za kanisa, kazi ya sonara Gil Vicente. Kuzunguka kitako kuna maandishi. Yanasema kwamba mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika mwaka 1506. Jina letu limo pale, kwa tahajia yao ya zamani.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi pwani yetu na merikebu nyingi zenye mizinga, akamtishia Amir Ibrahim, mtawala wa Kilwa, mpaka akakubali kulipa kodi. Dhahabu ilifika Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye, Julai 1505, akaja Francisco de Almeida akauteka mji wenyewe, na mwezi uliofuata akauchoma Mombasa. Nilisoma shule ya msingi Kivinje, tukapelekwa na mwalimu Kilwa Kisiwani kuona msikiti mkuu na Husuni Kubwa, kasri la masultani, tukaambiwa Kilwa ilikuwa na dhahabu iliyopitia Sofala, bandari ya Msumbiji. Lakini dhahabu yenyewe hakuna aliyetuonyesha. Nilifikisha miaka thelathini na nne ndipo nikaiona, na nikaikuta Ulaya.

Mama aliuza pweza mkavu sokoni Kivinje zaidi ya miaka ishirini. Alisimama mbele ya kile kioo muda mrefu, akazunguka upande wa pili, akarudi. Nikamsomea maandishi. Akaniuliza swali moja tu: "Walipopima, mizani ilikuwa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Tulikaa kwenye benchi mle ndani mpaka mlinzi akatuambia wanafunga. Kaka, ukiwa na nusu siku tu Lisbon, nenda pale. Jumatatu wanafunga, na angalia kwanza kwenye tovuti yao kama chumba chenyewe kiko wazi.

Kesho yake tulikwenda Belém kwa tramu ya kando ya mto, kwenye monasteri ya Jerónimos iliyojengwa kwa ushuru wa viungo. Kaburi la Vasco da Gama liko mle kanisani. Mawe yamechongwa kamba, mafundo, matumbawe, vitu vyote vya baharini, na kazi ile nzuri sana, siwezi kusema vinginevyo. Hatukukawia.

Jambo lililomfurahisha mama kila siku ni maneno. Mwenye nyumba tuliyopanga alikuwa bibi wa miaka themanini na kitu, hajui Kiingereza, na mama hajui Kireno. Asubuhi ya kwanza bibi akagonga meza kuonyesha chai iko tayari: *mesa*. Mama akanitazama. Akaletewa shuka na foronya: *fronha*. Kitasa kililegea, bibi akaokota parafujo sakafuni: *parafuso*. Siku ya tatu wakawa wanacheza karata jikoni, na kopa kwa bibi ni *copas*, shupaza ni *espadas*. Mimi niko kazini, wao wanaelewana. Ukifika, usione haya kusema Kiswahili polepole ukionyesha kitu kwa kidole, mara nyingine utapatia.

Sasa bahari. Wewe ni mtoto wa nahodha, kwa hiyo usiende Nazaré kwa ajili ya mawimbi makubwa, maana mwezi wa tisa hayajaja. Msimu wake ni Oktoba hadi Machi. Mwezi Oktoba 2020 Mjerumani Sebastian Steudtner aliteleza na wimbi la mita 26.21 pale, ndiyo rekodi ya dunia iliyoandikwa Guinness. Ila panda mpaka kwenye mnara wa taa uangalie mahali penyewe, kwa sababu baba yako atataka kujua linatokea vipi. Chini ya maji kuna bonde refu sana, linaanza karibu kabisa na ufukwe na kushuka hadi karibu mita 5,000. Wimbi linalopita juu ya bonde halipungui mwendo, na lile la pembeni linakwaruza kina kifupi na kupungua. Yanakutana mbele ya mwamba, yanapandana.

Mwezi wa tisa Nazaré nenda ufukweni kwa kina mama wanaokausha samaki. Wanapasua sardini na kisamaki kiitwacho *carapau*, wanachovya kwenye maji ya chumvi, wanawatandaza juani juu ya chanja za nyavu, wamejipanga kama mikeka. Pweza pia. Baadhi ya wamama wazee bado wanavaa yale mavazi yao ya sketi saba. Mama yangu alipofika kwenye chanja ya kwanza hakuniuliza mimi, aliinama akabonyeza samaki kwa kidole gumba kuona kama amekauka ndani. Mwenye mali akaja juu, kisha akaona jinsi alivyombonyeza, akanyamaza, akamchagulia mwingine aliyekauka zaidi. Walisimama pale pamoja karibu nusu saa, kila mmoja akimwonyesha mwenzake namna kwao wanavyopasua: huyu anaanzia mgongoni, huyu tumboni. Tulinunua vifungu viwili.

Kusini, Mtu_wa_Ilala amesema kweli kuhusu miamba. Lakini ningekupeleka mashariki zaidi, Tavira. Toka Lisbon kwa treni hadi Faro ni kama saa tatu, halafu treni ndogo. Kilomita chache kutoka Tavira kuna kijiji kinaitwa Santa Luzia, kazi yao ni pweza. Zamani walimtega kwa vyungu vya udongo vilivyofungwa kwenye kamba ndefu: pweza anapenda shimo, anaingia mwenyewe, anavutwa. Sisi Kilwa tunamfuata miambani kwa mkuki maji yakitoka. Hawa wanamjengea nyumba.

Karibu na hapo, vuka daraja la miguu, kisha tembea kama kilomita moja au panda kile kitreni kidogo mpaka ufukwe wa Barril. Nyuma ya ufukwe, kwenye vichuguu vya mchanga, kuna nanga. Si moja wala kumi. Ni mistari na mistari ya nanga za chuma zimeshika kutu, zimelala kwenye mchanga na majani. Zilikuwa za nyavu za kutega jodari. Jodari walikuwa wakipita pwani ile kila mwaka kuingia Mediterania kutaga, na watu walizuia njia yao kwa nyavu zilizoshikiliwa na nanga hizo. Samaki walipopungua, miaka ya 1960 kazi ikafa, na nyumba za wavuvi zikawa mikahawa. Nanga waliziacha pale kwa heshima. Hakuna kiingilio. Nenda asubuhi mapema kabla wenye miavuli hawajafika, utasikia bahari tu. Mtoto wa nahodha hataondoka haraka pale.

Maji ni ya baridi, nawaambia mapema. Algarve mwezi wa tisa ndiyo afadhali, upande wa magharibi yanauma mifupa. Na kiangazi mchana huko kunavuma upepo wa kaskazini wanaouita *nortada*, chukueni koti hata kama asubuhi jua linawaka. Ufukweni tazameni bendera (hilo nalo ni neno lao): nyekundu usiingie hata mguu, njano usiogelee.

Nikipata nafasi nitaandika kuhusu Porto na chakula. Zamu yangu inaanza.

Mvita_Halisi:

Dada nakuheshimu, ila hili la makumbusho limenikera. Mtu atoke Pangani alipe kiingilio ili aonyeshwe mali ya Kilwa iliyochukuliwa kwa mizinga? Sisi Mombasa Fort Jesus tunaiona kila siku, walianza kuijenga 1593, na hiyo yatosha kutukumbusha. Huko waende wakafurahi tu, wale samaki, warudi.

BintiKivinje:

Kaka wa Mvita, hasira yako ninaielewa, nami ninayo. Lakini wewe Fort Jesus umeizaliwa nayo, unaingia na kutoka, na unajua Waomani waliichukua mwaka 1698. Mtoto wa Kilwa ile dhahabu hajui hata kama ipo. Mimi sikujua. Nilifanya usafi kwenye jengo la mtaa wa pili kutoka pale miezi minane bila kujua. Ndiyo maana namwambia mtu aende aione kwa macho, asome jina, arudi awaambie watoto wake iko chumba gani. Mtu hawezi kudai kitu asichojua kilipo.

Na kama nia ni kufurahi tu, basi Lagos asipite karibu na lile jengo dogo la makumbusho ya utumwa kwenye uwanja karibu na bandari. Mwaka 1444 walishushwa Lagos Waafrika 235 waliotekwa pwani ya magharibi, wakagawanywa mbele ya watu, mama huku mtoto kule. Mwanahistoria wao wa wakati ule aliandika vilio vyao. Mwaka 2009 wakichimba kujenga maegesho ya magari walikuta mifupa ya Waafrika zaidi ya 150, imetupwa penye jalala la zamani nje ya ukuta wa mji. Nje ya jengo watu wanakula aisikrimu. Mimi niliingia, nikasoma, nikatoka nikaenda kukaa baharini. Siwezi kumshauri mtu aende Lagos kwa ajili ya miamba peke yake nisimtajie hilo.

Mwana_wa_Pangani:

Dada umenikalisha kitako. Nimemsomea mzee hiyo habari ya nanga kwa simu, akanyamaza, kisha akasema niende. Tafadhali malizia Porto na chakula. Na je, Benagil niiache?

BintiKivinje:

Benagil ni pazuri, ila siku hizi hairuhusiwi kushuka kwenye ule mchanga wa ndani ya pango, unaingia kwa boti unaangalia unatoka. Ukitaka miamba ile bila boti, tembea juu yake. Kuna njia ya miguu inayoanza ufukwe wa Marinha kuelekea magharibi, karibu kilomita sita, unapita juu ya pango lenyewe na unaona tundu la paa. Vaeni viatu vya kufunga, na msikanyage ukingo, ule mwamba ni laini na humeguka.

Porto wifi anaifahamu kuliko mimi. Najua atakuwa amekwishaona vigae vya bluu kwenye stesheni ya São Bento, kama elfu ishirini, na daraja la chuma la mwaka 1886. Lakini mwambie mpande treni ya mto Douro mpaka Pinhão. Mkitoka Porto kaeni upande wa kulia, usikubali kushoto hata kama kuna dirisha tupu. Mwanzoni huoni kitu, ni vitongoji na mashamba, halafu treni inashuka ukingoni mwa mto na haiuachi tena. Vilima vyote vimekatwa matuta kwa mikono, ngazi juu ya ngazi mpaka kileleni, mawe yamepangwa bila saruji. Nyinyi mnakwenda mwezi wa tisa, ndio mavuno ya zabibu, mtawakuta watu mashambani na ndoo. Hamnywi mvinyo, sawa, lakini zabibu zenyewe zinauzwa na ni tamu. Mama aliyaangalia yale matuta akasema hawa watu wamefanya kazi.

Kutoka Porto kushuka Lisbon ni saa tatu kwa treni ya haraka. Kateni tiketi mapema, bei inapungua sana. Na mkiwa Lisbon vukeni mto kwa treni ya juu ya daraja kuja Setúbal, msilale njiani, mto Tejo kwa juu asubuhi ni wa kuonwa. Daraja hilo linaitwa 25 de Abril, kwa ajili ya mapinduzi ya 1974 yaliyomaliza vita vya Msumbiji pia. Wapiganaji wa FRELIMO walifanya mazoezi kwetu Nachingwea, baba yangu aliwaona wakipita. Mara zote nikivuka namkumbuka.

Setúbal kuna dome wa kukaanga, *choco frito*, ndiye chakula cha mji. Na kuna fukwe za Arrábida chini ya mlima wa kijani, maji meupe mpaka unaona vidole vyako. Mkija siku yangu ya mapumziko nitawapeleka mwenyewe.

Chakula kwa ujumla: samaki wa kuchoma ndiye salama yenu na ndiye bora. Wanampaka chumvi ya mawe tu, mkaa, limau, basi. Jihadharini na supu ya *caldo verde*, inaonekana mboga ya majani tupu lakini juu hutupiwa kipande cha soseji ya nguruwe. Kome na chaza wengi hupikwa kwa mvinyo, na kuna sahani wanachanganya chaza na nguruwe kabisa. Ulizeni *banha*, ni mafuta ya nguruwe, huingia hata kwenye baadhi ya vitu vya unga. Mikate na zeituni wanazoweka mezani kabla hamjaagiza si za bure. Msipozigusa, hamlipi. Mchana ulizeni *prato do dia*, chakula cha siku, ndicho rahisi. Na kuku wa *piri-piri* mtamtambua hata kwa jina, wamelichukua kwetu.

Ibo_Lisboa:

Salaam ndugu zangu. Mimi ni wa Cabo Delgado, nyumbani tunasema Kimwani, samahani kama Kiswahili changu kina Kimwani ndani. Kwa nyama halali nendeni Lisbon, Mouraria, mtaa wa Benformoso karibu na Martim Moniz, kuna Wabangladeshi wengi na bei si kubwa. Ijumaa kuna msikiti mkuu, ulifunguliwa 1985, unafika kwa metro. Na ile tramu namba 28, pochi weka mbele. Wezi wanaipenda kuliko watalii.

Mwana_wa_Pangani:

Ibo, nimekuelewa kila neno, ahsante sana ndugu yangu. Tumepanga hivi na mke wangu: siku mbili Porto na Douro, moja Nazaré, tatu Lisbon, moja kwa dada Setúbal, tatu Tavira na nanga. Lagos tutalala njiani tukipata basi zuri. Dada, tukuletee nini kutoka nyumbani?

BintiKivinje:

Mpango mzuri. Jumatatu isiwe siku yenu ya makumbusho.

Msilete kitu, mzigo wenu utakuwa umejaa vitabu vya wifi. Lakini nina ombi, si langu ni la mama. Nilipiga picha ya ile monstransi kwa mbele tu, mitume na nguzo. Maandishi yanazunguka kitako, na neno la Kilwa halikuingia kwenye picha. Amekuwa akiwasimulia wajukuu na wanamwuliza liko wapi. Simu yako ikiwa na kamera nzuri, zima mwanga, zunguka taratibu, upige neno hilo peke yake.